Siri ya Sikio la Mbuzi

SEHEMU YA KWANZA: Hesabu ya Akko

Msomaji wangu, umewahi kumsikia mtu akihesabu mbuzi kwa lugha asiyoijua mwenyewe?

Basi sogea karibu. Tunaanzia Isiolo, mtaa wa Bulla Pesa, saa kumi na mbili jioni, mifugo ikirudi.

Mama mmoja wa Kiborana, umri unakaribia sabini, amesimama kwenye lango la boma. Mbuzi wanapita mmoja mmoja, naye anawagusa mgongoni kwa fimbo.

"Yan, tyan, tethera, methera, pimp..."

Hicho si Kiborana. Si Kisomali, si Kimeru, si Kisamburu wala Kiturkana. Na Isiolo ni mji ambao lugha zote hizo utazisikia kabla hujamaliza kikombe kimoja cha chai.

Akifika kumi na tano anasema "bumfit". Akifika ishirini anasema "giggot", anahamisha kijiwe kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kisha anaanza upya.

Nani alimfundisha? Mama yake, marehemu, ambaye nyumba nzima ilimwita Akko, yaani nyanya.

Na Akko naye alifundishwa na nani?

Hapo ndipo Mama hunyamaza.

Kabla hatujasonga, tuelewane. Watu wa kisa hiki nimewaunda mimi, na majina yao sitayataja. Lakini mji, sheria, vita na madaftari utakayokutana nayo ni ya kweli. Usije ukasema sikukwambia.

Mama ana mtoto mmoja wa kike, mwenye kibanda cha M-Pesa karibu na soko. Tumwite Binti.

Tangu utotoni Binti alijua mambo mawili. Kwamba macho ya mama yake ni ya kijivu. Na kwamba watu wakikasirika humwita mama yake "Mtoto wa Chanjo".

Alipofikisha miaka kumi na minane akaenda kuomba kitambulisho. Unajua ilivyokuwa kwa vijana wa kaskazini? Kupigwa msasa. Unasimamishwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa, unaulizwa ukoo wako mpaka jasho likutoke. Utaratibu huo ulikuja kufutwa kwa tangazo la Rais mnamo Februari 2025.

Upande wa baba, Binti alijibu bila kusita. Upande wa mama, akafika kwa Akko, akakwama.

"Na babu yako mzaa mama?" mzee mmoja akauliza. Chumba kizima kikamtazama.

Kwa nini "Chanjo"? Twende mwaka 1956.

Isiolo ya wakati huo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kaskazini, eneo lililofungwa. Bila kibali huingii, bila kibali hutoki.

Ng'ombe nao walikuwa na sheria zao. Makundi yaliyoshushwa kusini kuuzwa yalisimamishwa kwanza karantini, kwa sababu walowezi wa kizungu waliogopa sotoka na homa ya mapafu. Ardhi ile ya kuzuilia mifugo bado iko, na wenyeji wanaiita LMD mpaka leo.

Pale karantini palikuwa na kijana wa Kiingereza, ofisa mifugo, kazi yake kudunga ng'ombe sindano. Jina lake halikumhusu mtu. Watu walimwita Bwana Chanjo, basi.

Akko alikuwa msichana aliyeleta maziwa.

Nikueleze zaidi? Umeshaelewa.

Mtoto alipozaliwa hakuna aliyeandika tarehe. Kusajili vizazi vya Waafrika hakukuwa lazima nchi nzima hadi 1971. Akko alikuwa na kalenda yake: "Huyu alizaliwa mwaka Adamson alipoleta watoto wa simba."

Na mwaka huo tunaujua. Februari 1956, George Adamson, mlinzi mkuu wa wanyamapori huko kaskazini, alimpiga risasi simba jike, akarudi kwake Isiolo na watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Wa tatu ni Elsa, ambaye dunia nzima inamjua.

Ona sasa. Simba yule ana mwaka wake, ana picha, ana kitabu na ana filamu. Mtoto wa binadamu, mwaka uleule, mji uleule, hana hata kijikaratasi.

Bwana Chanjo aliondoka kabla mtoto hajajua kutembea. Alihamishwa? Alitoroka? Akko hakusema.

Miaka ikapita. Juzi Mama akamwita Binti bomani.

"Macho yangu yanaisha," akasema. "Kabla hayajazimika nataka kulijua jina la baba yangu. Na mahali lilipoandikwa napajua."

Moyo wa Binti ukaruka. Kuna barua? Kuna picha iliyofichwa sandukuni?

Mama akainama, akamkamata mbuzi aliyekuwa karibu, akamvuta sikio.

"Hapa," akasema. "Soma."

*Itaendelea.*

SEHEMU YA PILI: Kitabu cha Masikio

Sikio la kushoto lilikuwa limekatwa ncha, mkato mnyoofu. La kulia lilikuwa na pengo la mraba upande wa chini.

Wafugaji wa kaskazini watakwambia hilo si jambo la ajabu. Ngamia huchomwa chapa, ng'ombe na mbuzi hukatwa masikio, ili aliyepotea arudishwe na aliyeiba aumbuke. Mzee wa Isiolo akitazama mnyama sokoni anajua ametoka kwa nani.

Lakini alama hii hakuna mzee aliyeitambua. Si ya ukoo wowote.

Akko alipoulizwa alijibu sentensi moja tu, maisha yake yote: "Ni alama ya baba yake. Msiiache."

Na kutoiacha kulikuwa na gharama yake. Acha nikukumbushe yaliyoipata Isiolo.

Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dida. Mwisho wa mwaka huo ikatangazwa hali ya hatari, na vita vya Shifta vikawaka.

Waborana wa Isiolo wanakiita kipindi kile Gaf Daba. Familia zilikusanywa kambini Garba Tulla, Merti na Modogashe. Mifugo ikapigwa risasi, ikachukuliwa, ikafa kwa kukosa malisho. Watu waliokuwa na mamia ya wanyama wakatoka mikono mitupu.

Akko alitoka na mtoto mwenye macho ya kijivu. Mnyama hakuwa naye hata mmoja.

Ilipita miaka kabla hajapata mbuzi wawili wa kuanzia. Unadhani alifanya nini siku aliyowapata? Alichukua kisu, akawakata masikio: ncha ya kushoto, pengo la kulia.

Mwanamke aliyeachwa anatunza alama ya aliyemwacha. Kwa nini? Shika swali hilo.

Kuna jambo jingine ambalo Mama hapendi kulizungumzia, nami nitakudokezea tu.

Zamani, akiwa mama kijana, alikuta mbuzi kwenye soko la mifugo la Isiolo wenye masikio yaleyale. Mwenye nao alikuwa mwanamume wa Kisamburu kutoka Oldonyiro. Mama akapiga kelele: mwizi!

Mwanamume akaapa kwamba alama ile aliachiwa na mama yake mzazi. Nani angemwamini? Waborana na Wasamburu wamelaumiana kwa mifugo miaka nenda miaka rudi. Wazee wakamtoza mbuzi wanne. Akawatoa, akatema mate chini, akaondoka.

Liweke hilo mahali salama.

Sasa, Binti ana rafiki wa tangu shule ya msingi, muuguzi. Yuko Carlisle, kaskazini mwa Uingereza. Ni mmoja wa wauguzi wa Kenya waliovuka bahari kufanya kazi katika hospitali za huko, na mwaka 2021 serikali hizi mbili zilitia saini mkataba kuhusu jambo hilo.

Binti akamrekodi Mama akihesabu, akapiga picha za masikio, akatuma zote kwa WhatsApp. "Dada, huko kwenu kuna mtu anayejua hii ni lugha gani?"

Rafiki akaingia kwenye basi, akaiweka sauti ile sikioni. Kelele ikatoka nje kidogo. Bikizee aliyekaa kando yake akageuka, macho yamemtoka.

"Umeitoa wapi?" akauliza. "Babu yangu alihesabu kondoo hivyohivyo!"

Naam, msomaji. Kondoo!

Wachungaji wa milima ya kaskazini mwa Uingereza walikuwa na hesabu yao ya kale, na kila bonde lilikuwa na matamshi yake. Walihesabu hadi ishirini, wakaweka alama, wakarudi mwanzo. Bikizee akasikiliza tena, hasa nane na tisa: "hovera, dovera". Akatikisa kichwa. "Hiyo ni ya Borrowdale. Nenda Keswick."

Borrowdale ni bonde la maziwa na milima ya mawe, ambako kuna kijiji cha Seathwaite, kinachotajwa kuwa mahali penye mvua nyingi kuliko kwingine kokote kunakokaliwa na watu Uingereza. Mtoto wa huko ndiye aliyekuja kudunga ng'ombe katika vumbi la Isiolo?

Na kule juu mlimani hakuna ua. Kondoo wa mashamba mengi huchanganyika. Kondoo jike humfundisha mwanawe mlima wa kwao, naye akikua hurudi palepale. Wanaopotea je? Wanatambuliwa kwa rangi mgongoni na kwa mikato ya masikio.

Na Waingereza, kwa kupenda kuandika kila kitu, waliichapisha mikato hiyo vitabuni. Joseph Walker alitoa cha kwanza mwaka 1817. William Hodgson akatoa kingine 1849, Daniel Gate 1879. Ni ukurasa baada ya ukurasa wa kondoo waliochorwa, masikio yao yamekatwa, na chini yake jina la shamba na la mkulima.

Rafiki akakaa maktaba siku yake ya mapumziko, akifunua. Kondoo, kondoo, kondoo.

Usiku, simu ya Binti ikalia. Picha imeingia. Sikio la kushoto: ncha imekatwa. La kulia: pengo la mraba, upande wa chini. Na chini yake, jina la shamba.

Binti akapiga yowe lililowaamsha majirani.

Ujumbe wa pili ukafuata: "Usifurahi bado, dada. Nimemuuliza mkutubi hapa. Alama hii haituambii unachotaka itwambie."

*Itaendelea.*

SEHEMU YA TATU: Msichana wa Jikoni

Tatizo lilikuwa nini?

Kule Borrowdale alama si ya mtu. Ni ya shamba. Wakulima wengi walikuwa wapangaji. Mpangaji akihama, kundi hubaki na shamba lake, na alama hubaki na kundi. Familia huja, familia huenda, masikio hayabadiliki.

Kwa hiyo yeyote aliyewahi kuishi au kufanya kazi pale angeweza kuijua. Mtoto wa mwenye shamba. Mpwa. Kibarua.

Ikabidi wavute kamba kutoka ncha mbili. Rafiki atafute nani aliishi kwenye shamba lile. Binti atafute nani alifanya kazi karantini ya Isiolo. Jina likijitokeza pande zote mbili, huyo ndiye.

Rafiki akaongeza njia ya tatu. Alipokuja likizo alibeba kichupa cha plastiki, akamwambia Mama ateme mate humo, akarudi nacho Uingereza kikapimwe vinasaba. Kichupa hicho tukiache kidogo, kiko safarini.

Binti akapanda matatu alfajiri hadi Nairobi. Kumbukumbu za Taifa ziko Moi Avenue, mkabala na sanamu ya Tom Mboya, ndani ya jengo lililokuwa la Bank of India. Unapita kwenye vinyago na picha za ghorofa ya chini, unapanda juu, unaomba faili, unangoja.

Faili alizoziomba ni ripoti za makabidhiano. Kila ofisa wa kikoloni aliyeondoka kituoni alimwachia mwenzake maelezo: visima, machifu, magari mabovu, ng'ombe waliokufa, nani ni mkaidi. Hata punda walitajwa.

Msichana wa maziwa? Hakuna. Mtoto? Hakuna.

Unashangaa? Ngoja nikwambie kilichowafunga mikono.

Mwaka 1908 ofisa mmoja aliyekuwa Nyeri, Hubert Silberrad, alishtakiwa na mlowezi mmoja kwamba anaweka wasichana wa Kiafrika nyumbani. Kashfa ikafika gazeti la The Times na Bunge la London. Januari 1909 Lord Crewe, waziri wa makoloni, akatoa waraka wa siri kwa maofisa wote: atakayeishi na mwanamke mwenyeji ajue kazi yake iko hatarini.

Waraka haukumlinda mwanamke yeyote. Uliwafundisha wanaume kutoandika.

Hilo linaniuma, sitakuficha. Taifa lililoorodhesha masikio ya kondoo wake mmoja mmoja liliona heri watoto wake wa Isiolo wasitajwe.

Lakini Binti hakurudi bure. Katika kurasa za miaka ile alipata maofisa mifugo wanne waliopitia Isiolo. Majina manne. Akayanakili kwa mkono.

Huko Uingereza, Rafiki naye alikuwa ndani ya sensa. Waingereza hufungia sensa zao miaka mia moja. Ile ya tarehe 19 Juni 1921 ilifunguliwa Januari 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942. Ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita.

Ile ya 1921 ikaonyesha shamba letu. Mkulima, miaka 34. Tumwite Mwenye Shamba. Mke wake. Watoto watatu. Na mtumishi wa jikoni, msichana wa miaka 19.

Simu mkononi, orodha mezani, Binti akalinganisha jina la ukoo wa Mwenye Shamba na majina yake manne.

La kwanza, siyo. La pili, siyo. La tatu, siyo. La nne, siyo.

Akarudia. Siyo.

"Basi," akamwandikia Rafiki. "Tumekosea shamba." Akazima simu, akafunga kibanda mapema, akaenda kumwambia Mama kwamba njia imeishia hapo. Mama hakulaumu. Alisema tu, "Nilijua."

Lakini wewe, msomaji wangu mwenye macho makali, wewe umemwona. Sivyo? Yule ambaye Binti alimruka?

Kila mtu humruka. Ndiyo maana watu wa namna yake hupotea.

Saa nane usiku Binti akashtuka kitandani kana kwamba ameitwa. Akawasha simu, akavuta ile picha ya sensa, akashuka na kidole hadi mstari wa mwisho. Msichana wa jikoni, miaka 19. Naye ana jina la ukoo!

Akaichukua orodha ya Nairobi. Jina la kwanza. La pili.

La tatu.

Herufi kwa herufi.

*Itaendelea.*

SEHEMU YA NNE: Safu Tupu

Msichana wa jikoni mwaka 1921. Ofisa mifugo wa Isiolo miaka ya 1950. Jina moja la ukoo. Je, ni bahati tu?

Kulikuwa na daftari la kuamua.

Tarehe 29 Septemba 1939, vita vikiwa vimeanza, serikali ya Uingereza iliandikisha karibu watu wote wa England na Wales siku moja ili wapewe vitambulisho na baadaye mgao wa chakula. Naam, hata Mwingereza aliwahi kubebeshwa kipande.

Daftari hilo liko wazi, isipokuwa mistari iliyofunikwa: wale ambao huenda wangali hai. Ukipita miaka mia moja tangu kuzaliwa kwako, pazia linaondolewa.

Rafiki akafungua ukurasa wa shamba lile. Mwenye Shamba, sasa miaka 52. Mke wake. Kisha mstari ambao umekuwa wazi kwa miaka michache tu: kibarua wa shamba, hajaoa, kazaliwa Aprili 1922.

Jina la ukoo: la msichana wa jikoni.

Huyo ndiye. Mvulana aliyerudi kuwa kibarua katika shamba ambako mama yake aliwahi kupika. Alijifunza pale kuhesabu kondoo, akajifunza pale kukata masikio, na baada ya vita akasafiri hadi Isiolo.

Mama sasa ana baba, mwenye jina na mwaka wa kuzaliwa! Boma zima likashangilia. Kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa, ili Mama apate na majina ya wazazi wa baba yake, ukoo mzima hadi kule juu.

Cheti kikaagizwa. Kikaja. Binti akakaa chini kumsomea Mama.

"Jina la mama: ..." Msichana wa jikoni, kama walivyotarajia.

"Jina la baba: ..."

Akanyamaza.

"Soma," Mama akasema.

"Pametiwa mstari, Mama. Hakuna jina."

Sheria ya Uingereza ya 1874 ilisema hivi: mwanamume asiyemwoa mama wa mtoto hawezi kuandikwa kuwa baba mpaka afike mwenyewe kwa msajili, pamoja na mama, na wote wawili waombe hivyo. Huyu hakufika.

Na mahali pa kuzaliwa palikuwa na anwani ya mtaa tu. Rafiki akauliza kwa mwenyeji anayejua. Kumbe tangu 1904 wasajili walikuwa wameelekezwa kuficha jambo moja: mtoto akizaliwa katika nyumba ya maskini, waandike anwani isiyomtangaza. Na anwani ile ilikuwa ya namna hiyo.

Bwana Chanjo alizaliwa mahali walipotupwa wasio na pa kwenda, hana baba wa kuandikwa.

Mama alikaa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo Binti hakulitarajia: "Kumbe naye waliuliza, akakwama."

Sikuombi umsamehe mtu huyu. Aliujua uchungu ule kwa undani wake, na bado akamwachia mtoto mwingine. Ila nakuomba jambo moja: usimwite mtoto yeyote "hana baba". Safu tupu huachwa na mtu mzima aliyekataa kufika. Mtoto hana hatia nayo, awe wa Borrowdale au wa Bulla Pesa.

Na uhesabu kidogo, kama hujahesabu. Sensa: Juni 1921, msichana yuko jikoni kwa Mwenye Shamba. Mtoto: Aprili 1922. Toa miezi tisa. Unafika wapi? Mimi sisemi kitu.

Unakikumbuka kile kichupa?

Majibu yake yakatua wiki iliyofuata. Orodha ndefu ya watu wanaoshiriki vinasaba na Mama, wengi wakiwa Waingereza wa mbali mno. Lakini wa juu kabisa alikuwa karibu, karibu sana: asilimia kumi na mbili hivi. Kiwango hicho hutokea kwa binamu wa kwanza. Hutokea pia kwa mtoto wa ndugu mliyechangia mzazi mmoja.

Binti akabofya wasifu wake, akitegemea kumkuta mkulima wa Borrowdale.

Alikuwa kijana anayefanya kazi Marekani. Alikuwa ameandika mstari mmoja: "Asili yangu ni Oldonyiro, Kenya. Namtafutia mzee wangu baba yake."

Oldonyiro!

Binti akaandika huku vidole vikitetemeka. Jibu likarudi usiku uleule.

"Dada, umesema wewe ni wa Isiolo? Baba yangu alitukataza kukanyaga soko la huko. Aliwahi kuitwa mwizi mbele ya watu kwa sababu ya masikio ya mbuzi wake. Alama hiyo aliachiwa na nyanya yetu."

Nilikwambia uliweke mahali salama.

Binti alimsomea Mama ujumbe ule mara moja tu. Haikuhitajika mara ya pili.

"Wanne," Mama akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Nilimtoza ndugu yangu mbuzi wanne."

Akasimama, akashika fimbo, akaenda bomani mwenyewe. "Chagua wanane," akaagiza, "na wawe wazuri. Na unitafutie namba yake. Nitasema naye mimi. Asisemewe na mtu."

Kijana wa Marekani akaituma. Simu ikaita. Ikaita. Ikakatika.

Wakapiga tena. Ikapokelewa, kimya upande wa pili.

"Mimi ndiye yule mwanamke wa sokoni," Mama akaanza, hakuzunguka. "Nilikuonea. Uliapa, nikakataa kusikia. Mbuzi wako wako tayari, mara mbili ya wale. Lakini wewe si wa kulipwa na mimi. Wewe ni ndugu yangu, na ninaomba radhi."

Pumzi zilisikika. Binti alikuwa ameshika simu, kipaza sauti kimewashwa.

"Mbuzi sitaki," yule mzee akasema hatimaye, Kiswahili chake kizito, cha mtu wa malishoni. "Nimekaa na neno lile miaka mingi. Haliondoki kwa mbuzi. Ila nitakuuliza kitu kimoja, na unijibu kweli. Wewe umeambiwa baba yetu ni nani?"

Mama akalitaja jina la cheti. Jina la msichana wa jikoni. Alilitaja polepole, maana ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kulitamka.

"Hapana," mzee akasema.

"Vipi hapana? Tuna karatasi. Tuna cheti kutoka Uingereza."

"Karatasi ni yenu. Mimi nina mama. Alinikaririsha jina la baba yangu tangu nikiwa mdogo, kila jioni, tukihesabu mbuzi. Alisema: baba yako aliniambia hili ndilo jina lake la kweli, na alama hii ni yake kwa haki, ila kwao wamemkatalia vyote viwili. Akasema nisilitaje mpaka nimpate wa damu yangu."

"Litaje," Mama akamwambia.

Akalitaja.

Lilitoka kwa matamshi ya Kisamburu, lakini Binti hakuhitaji kuuliza mara mbili. Akaufungua ukurasa wa sensa ya 1921, mstari wa kwanza kabisa, juu ya mke, juu ya watoto, juu ya msichana wa jikoni.

Mzee wa Oldonyiro, ambaye hajawahi kuiona sensa hiyo, alikuwa ametamka jina la ukoo wa Mwenye Shamba.

Na wakati Binti angali amekodoa macho, ujumbe mwingine ukaingia kutoka Carlisle: "Dada, nimepiga simu shambani. Wajukuu wa Mwenye Shamba bado wapo pale. Nilipotaja Isiolo, mama aliyepokea akaniuliza swali ambalo sijui nilijibu vipi: *Ni yupi kati ya wale watatu anayetupigia?*"

Watatu? Sisi tunawajua wawili tu!

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*